Kiti cha enzi cha kipimo cha 1:12: nimalizieje mbao bila vanishi kuonekana nene?

Swali: MkonoMwepesi, Dar es Salaam

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninamtengenezea mtoto wa dada yangu nyumba ya wanasesere yenye sebule ya Kiswahili ya zamani, kwa kipimo cha 1:12, yaani kila sentimita 12 za kitu halisi zinakuwa sentimita moja. Kabati na meza vimekwisha, na sasa nimefika kwenye kiti cha enzi, kile cha Lamu na Unguja chenye mgongo mrefu ulionyooka, mikono mipana, pa kuwekea miguu, na sehemu zilizosukwa kwa uzi mgongoni na kwenye kikalio. Kiunzi nimekikata kwa masalia ya mvule niliyopewa na fundi wa milango, na maungo yanashika vizuri. Tatizo liko kwenye umaliziaji. Nikijaribu vanishi ya kawaida kwenye kipande cha pembeni, kona zote zinajaa na kuwa butu, mng'ao unakuwa mkali kupita kiasi, na mbao inaonekana kama plastiki. Naomba kujua nipake nini, nipake kabla ya kuunganisha au baada yake, na uzi wa kusukia uwe wa unene gani.

Jibu: SeremalaWaPwani, Mombasa

Ndugu yangu, umegawa kila kipimo cha kiti kwa 12, lakini vanishi imebaki na unene wake uleule. Utando wa robo milimita kwenye kiti chako ni sawa na milimita 3 kwenye kiti cha mtu mzima, na hakuna seremala anayepaka hivyo. Ninachokushauri ni sheleki, yale magamba ya rangi ya kahawia yanayoyeyushwa kwa spiriti. Loweka gramu 10 katika mililita 100 za spiriti, uache usiku kucha, kisha uchuje kwa kitambaa safi. Utapata maji mepesi yanayokauka kwa muda mfupi na kuacha utando mwembamba sana, na kila tabaka jipya huyeyusha kidogo lile la chini na kushikamana nalo, kwa hiyo huoni mpaka kati yake. Tengeneza kiasi kidogo tu, kwa sababu sheleki iliyokaa miezi mingi kwenye chupa hugoma kukauka sawasawa. Matabaka mawili au matatu yanatosha. Baada ya hapo sugua polepole kwa msasa namba 600 uliochakaa, umalizie kwa nta kidogo sana ili mng'ao utulie.

Hata hivyo, kwa maoni yangu sheleki peke yake haitakiokoa kiti hiki, kwa sababu mvule wenyewe haufai kwa kazi ndogo kiasi hiki. Vinyweleo vyake ni vikubwa na nyuzi zake zimepishana. Kwenye mlango huo ndio uzuri wake, lakini kwenye mguu wa milimita 4 kila kinyweleo kinaonekana kama ufa. Viti vya enzi vya zamani vilisifika kwa mbao nyeusi za aina ya mpingo, na mpingo una chembe laini mno, ndiyo maana hutengenezewa zumari za Ulaya kama klarineti. Ukienda kwa wachongaji wa vinyago wa Mwenge, huko kwenu Dar es Salaam, waombe vipande wanavyovitupa, kwani kimoja cha ukubwa wa kidole kinatosha kiti kizima na hakihitaji kutiwa rangi. Mpingo una mafuta, kwa hiyo pangusa maungo kwa spiriti kabla ya kutia gundi. Vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Tafadhali vaa barakoa, na mtoto asiwe karibu unapopiga msasa.

Kuhusu mpangilio, paka vipande kabla ya kuviunganisha, lakini funika ndimi na matundu kwa utepe wa karatasi, maana gundi ya mbao haishiki juu ya sheleki.

Jibu: NyuziNaMajani, Tanga

Nakubaliana na fundi hapo juu, nami nizungumzie ususi. Kamba ya kiti halisi ikiwa na unene wa milimita mbili na nusu, kwako inakuwa takribani milimita 0.2, nao ndio unene wa uzi wa pamba wa kushonea nguo. Uchague wenye rangi ya maziwa, si mweupe wa dukani unaong'aa, kisha uupitishe kwenye nta ya nyuki ili manyoya yalale, kwani hayo manyoya ndiyo yanayomwambia mtazamaji kwamba huu ni uzi wa cherehani. Usitoboe kiunzi chenyewe. Tengeneza fremu ya ndani ya milimita moja, suka juu yake, kisha uichomeke baada ya mbao kukauka kabisa, ili sheleki isiuguse uzi na kuugeuza kahawia.

MkonoMwepesi

Nawashukuru sana nyote wawili. Limebaki jambo moja: ile nakshi nyeupe ya mfupa iliyopachikwa kwenye mbao nitaiwekaje, ikiwa mstari wa milimita 3 unakuwa robo milimita tu?

Jibu: SeremalaWaPwani, Mombasa

Kwa upana huo usijaribu kuchimba na kupachika, maana mbao itapasuka. Paka kwanza tabaka moja la sheleki, chora nakshi kwa rangi ya akriliki ya maji yenye weupe wa mfupa, ukitumia brashi yenye nywele chache, na ikikauka upake sheleki nyingine juu yake kwa mkono mwepesi bila kurudia rudia. Wino wa kalamu zinazotumia spiriti uuepuke, kwa sababu sheleki itauyeyusha na mistari yote itasambaa. Anza na ubao wa juu wa mgongo, ambao una nafasi kubwa zaidi, na pale pa kuwekea miguu pasigandishwe kwa gundi, kwa sababu kwenye viti halisi huchomolewa, na mtoto atafurahi kupachomoa.