Steringi kugeuzwa adui: Robert Downey Jr. kuwa Doctor Doom, tumekubali kweli?

Wakuu, heshima kwenu. Nauleta mjadala huu hapa kwa sababu kijiweni kwetu Ngarenaro umetushinda. Juzi tumebishana mpaka mzee wa kahawa kakusanya vikombe vyake, kamwaga majivu, kaaga, na sisi bado tumesimama pale na makoti yetu ya baridi ya Arusha, kila mtu anataka kusema yeye.

Kwa asiyefuatilia, iko hivi. Julai 2024, kwenye maonyesho ya komiki na muvi ya Comic-Con kule San Diego, kampuni ya muvi ya Marvel walijaza jukwaa watu waliovaa majoho ya kijani na barakoa za chuma. Mmoja akasogea mbele, akavua. Ni Robert Downey Jr. Yule yule Tony Stark, Iron Man, tuliyeanza naye 2008 na tukamzika 2019 kwenye Endgame. Safari hii anakuja kama Doctor Doom, adui mkuu wa Avengers: Doomsday, muvi iliyopangwa kutoka Mei 2026 kisha ikasogezwa hadi Desemba 18, 2026.

Msimamo wangu nautoa mapema: wamekosea. Na sisemi hivyo kwa kumdharau Downey. Nasema kwa sababu nampenda.

Sisi tuliokulia vibanda umiza tulijua kanuni moja kabla hatujajua hata kusoma: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kwenye kiti, atatupwa mtoni, dakika ya mwisho ataibuka. Endgame iliivunja kanuni hiyo mbele ya macho yetu. Nilikuwepo kibandani siku ile, mabenchi yamejaa, wengine wamekalia ndoo zilizopinduliwa. Mtafsiri alikuwa hajafunga mdomo muvi nzima. Tony alipopiga vidole, uso wake upande mmoja ukaungua, mtafsiri naye akanyamaza. Hakuna Kiswahili, hakuna Kiingereza, ni muziki tu. Pembeni yangu alikaa dereva wa kifodi (daladala ndogo) cha Sakina, mtu mzima, baba wa watoto. Akavua kofia, akaishika mapajani mpaka mwisho. Sijawahi kuona tena mtu akivua kofia kwa sababu ya muvi.

Kifo kile kilituingia kwa sababu tuliamini ndiyo basi, jamaa kaondoka. Sasa sura ile ile inarudi, na tunaambiwa tuiogope.

Wiki iliyopita mpwa wangu wa miaka tisa aliona picha ya tangazo kwenye simu yangu. Hakuuliza adui huyu anaitwa nani. Aliniuliza, "Mjomba, kumbe Tony hakufa?" Nikamweleza kwamba huyu ni mtu mwingine kabisa, anaitwa Doom. Akaitazama tena ile picha, akasema, "Mbona ni yeye?" Sikuwa na jibu la kumridhisha, na mpaka leo sina.

Hoja iliyopigiwa makofi kuliko zote kijiweni ilikuwa ya fundi simu wetu: "Kaka, hata Heath Ledger walimkataa." Ni kweli tupu. Alipotangazwa 2006 kwamba atakuwa Joker, adui wa Batman, mashabiki walikuja juu, walishamzoea kwenye muvi za mapenzi. Akafariki Januari 2008, The Dark Knight ikatoka Julai mwaka huo, na Februari 2009 akatangazwa mshindi wa Oscar akiwa tayari kaburini. Waliompinga wakakosa pa kuficha nyuso zao. Lakini kaka yangu fundi, kesi hizi hazifanani hata kidogo. Ledger alikataliwa kwa kuwa watu walidhani hawezi. Downey nani anasema hawezi? Tulimwona kwenye Oppenheimer akiwa Lewis Strauss, mtu wa kinyongo anayechimba kaburi la mwenzake taratibu huku anatabasamu, na Machi 2024 akabeba Oscar yake kwa kazi hiyo. Uadui anauweza, tena sana. Ila Ledger hakuwahi kutuigizia Batman kwa miaka kumi na moja ndipo aje kuwa Joker.

Dada wa chipsi, ambaye kwa mambo ya Marvel anatufundisha sote pale, alikuja na hoja iliyonibana zaidi. Chris Evans alikuwa Johnny Storm kwenye Fantastic Four za 2005 na 2007, kisha 2011 akawa Captain America, na hakuna aliyepiga kelele. Michael B. Jordan alikuwa Johnny Storm 2015, kisha 2018 akawa Killmonger, adui wa Black Panther, na wote tukamkubali. "Kwa nini Downey ndiyo iwe dhambi?" Nilimjibu kwamba zile Fantastic Four za zamani zilikuwa muvi za Fox, hadithi nyingine isiyohusiana na hii, na Johnny wa 2015 hakuna mtu aliyevua kofia kwa ajili yake. Killmonger alipoingia kwenye Black Panther alikuwa mgeni kabisa ndani ya hadithi ile, ndiyo maana tuliweza kumchukia dakika ya kwanza na kumhurumia dakika ya mwisho bila kumchanganya na mtu mwingine. Dada akanitazama, akasema, "Kwa hiyo tatizo lako ni machozi." Ndiyo, dada. Ndilo hilo hilo. Machozi tuliyomlilia Tony hayafutiki kwa kubadilisha joho.

Halafu kuna Doom mwenyewe, ambaye naona kwenye ubishi huu tunamsahau. Huyu ni adui wa tangu 1962, aliyeletwa na Stan Lee na Jack Kirby kwenye toleo la tano la komiki ya Fantastic Four. Victor von Doom ni mtoto wa Waroma wa Latveria, nchi ya kubuni. Siyo watu wa mji wa Roma, ni jamii ya Ulaya ya kuhamahama na kufukuzwa. Baba yake ni mganga. Anashindwa kumponya mke wa mtawala, anakimbia na mwanawe usiku wa baridi kali, anamfunika mtoto kwa nguo zake na yeye anakufa kwa baridi. Mtoto yule anakua, anapelekwa kusoma Marekani, anakutana na Reed Richards, ambaye baadaye ndiye kiongozi wa Fantastic Four. Reed anaona kosa kwenye mahesabu ya mashine ya Victor, anamwambia. Victor hataki kusikia. Mashine inalipuka, uso unaumia, na maisha yake yote yaliyobaki anamlaumu Reed. Jack Kirby alikuwa na mawazo kwamba jeraha lenyewe ni dogo tu, ila majivuno ya Victor hayakuweza kulivumilia. Kisha anakwenda Tibet, watawa wanamtengenezea vazi la chuma, na barakoa anaivaa kabla haijapoa.

Hebu fikirini hapo. Mtu anajichoma kwa chuma cha moto ili asionekane uso. Adui wa namna hiyo ndiye mnayempa uso unaojulikana kuliko nyuso zote za Marvel? Na chuki yake ni ya Reed, Stark haimhusu. Nikiiona sura ya Stark chini ya barakoa, kichwa changu kitaanza kuuliza imekuwaje, na dakika zote ambazo zingekuwa za Victor na baba yake na baridi ile zitaliwa na maelezo ya Tony.

Mwisho wa The Fantastic Four: First Steps, Julai 2025, walimwonyesha kwa nyuma tu. Mama kaenda kuchukua kitabu, anarudi, anakuta mtu wa joho la kijani amepiga goti mbele ya Franklin, mtoto wake na Reed, barakoa kaishika mkononi. Uso hatukuuona. Nywele zilinisimama. Pale hapakuwa na Downey wa kumtambua, na Doom alitisha kuliko alivyotisha kwenye muvi yoyote kabla yake.

Kuna kijana wa bodaboda aliyekumbusha kwamba kwenye komiki za 2016 Doom aliwahi kuvaa vazi la Iron Man akajiita hivyo. Sawa, lakini alivaa nguo za mwenzake akabaki Victor.

Kwa nini Marvel wamefanya hivi? Mimi naona hofu. Walimwandaa Kang awe adui mkuu, akiigizwa na Jonathan Majors. Desemba 2023 mahakama ya New York ikamtia hatiani kwa kumshambulia aliyekuwa mpenzi wake, Marvel wakaachana naye siku hiyo hiyo, na muvi iliyokuwa iitwe The Kang Dynasty ikabadilishwa. Wakawarudisha ndugu Russo walioongoza Endgame, wakamrudisha na Downey. Mtoto akipotea soko la Kilombero hushika mkono wa yeyote anayemjua. Nawaelewa, ila sitasema ni uamuzi wa ujasiri.

Fundi simu anasema nisubiri, Downey atabadilisha sauti, atabadilisha lafudhi, tutasahau. Hapo ndipo nataka wenzangu wa vibandani mnisaidie. Huko London na Chicago wataisikia hiyo sauti. Sisi tunaoangalia zilizotafsiriwa, sauti ya mwigizaji hupunguzwa ikawa kama mtu anaongea chumba cha pili, na anayesikika ni mtafsiri, yule yule aliyetuletea maneno ya Tony. Lafudhi ya Latveria haitatufikia. Kinachotufikia kutoka kwa mwigizaji ni uso na mwili wake tu. Sasa kama uso ni ule ule, amebakiwa na nini cha kututenganishia watu wawili?

Wakiiacha barakoa usoni muvi nzima, nitarudi hapa hapa kusema nilikosea. Ningepewa mimi kuchagua, ningemtafuta mtu tusiyemjua kabisa, Mroma hasa ikiwezekana, maana watu wale wamesubiri miaka mingi na kwenye muvi za Doom zilizotoka, 2005, 2007 na 2015, hawajapewa nafasi hiyo.

Mnaokubali, nipeni hoja nyingine nje ya Ledger. Mnaokataa, mngempa nani? Dada wa chipsi anasema napiga kelele bure, kwamba Desemba nitakuwa benchi la mbele. Nitakuwepo, dada, na dereva wa Sakina tumeshakubaliana tuende wote. Yeye ana swali moja tu, na mimi ninalo hilo hilo: ile barakoa ikivuliwa, tumwogope au tumlilie?