Ratiba ya majaji wa zamu: Krismasi inamwangukia jaji yuleyule kila mwaka

Karani wa Masjala

Habari zenu wakuu. Kituo chetu kiko Kenya na kina majaji wanne: watatu wa Mahakama Kuu na mmoja wa Mahakama ya Ardhi na Mazingira. Zamu ya mambo ya dharura ni ya wiki moja moja, Jumatatu hadi Jumatatu, na majina manne yanazunguka kwa mfuatano uleule.

Yanayotusumbua ni haya. Jaji mmoja ameangukiwa na wiki ya Krismasi mwaka wa tatu mfululizo na hakuna aliyempangia kwa makusudi. Maombi yakiingia Ijumaa jioni yanafika Jumatatu hayajaguswa, halafu jaji anayetoka anasema ni ya anayeingia, na anayeingia anasema yaliletwa kabla ya zamu yake. Mara nyingine amri inatolewa Jumamosi lakini hakuna wa kuigonga muhuri mpaka Jumatatu. Pia tunashuku kuna mawakili wanaongoja zamu ya jaji wanayemtaka.

Naomba wenye uzoefu wa kupanga ratiba hizi waniambie: zamu ipangwe vipi, na nani mwingine awemo zaidi ya jaji?

Mpanga Ratiba

Krismasi ni suala la hesabu tu. Mwaka una wiki 52 na siku moja. Majina manne yakizunguka wiki kwa wiki, 52 inagawanyika kwa 4 bila salio, kwa hiyo wiki ileile mwakani inamkuta mtu yuleyule. Ile siku inayozidi itausogeza mfuatano, ila baada ya miaka mitano au sita hivi. Mngekuwa watano, salio lingekuwa 2 na Krismasi ingehama yenyewe. Vituo vyenye majaji wawili au wanne huumwa na jambo hili, na wengi hudhani kuna upendeleo.

Dawa yake ni kuwa na mizunguko miwili. Mmoja ni wa wiki za kawaida. Wa pili ni wa wiki zenye sikukuu peke yake: Pasaka, Idd, Krismasi na Mwaka Mpya, na una kumbukumbu yake ya nani alishika nini mwaka jana. Wiki ya sikukuu ikifika, mzunguko wa kawaida unasimama, kisha unaendelea pale ulipoishia. Kwa Idd acheni nafasi, maana mwezi hausomi ratiba yenu.

Ili watu wasigombane, hesabuni uzito wa zamu badala ya idadi ya wiki. Siku ya kazi pointi 1, Jumamosi au Jumapili 2, sikukuu 3. Wiki ya kawaida inatoa 9. Wiki ambayo tarehe 25 na 26 Desemba zimeangukia siku za kazi inatoa 13. Mwisho wa mwaka mnalinganisha jumla, na mwenye pungufu anaanza kuchukua wiki nzito.

Sasa siku ya kukabidhiana. Jumatatu ndiyo siku mbaya kuliko zote. Ibara ya 49 ya Katiba inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia nje ya muda wa mahakama au siku isiyo ya mahakama, mwisho wake ni siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana ya ile "kamata kamata Friday": ukikamatwa Ijumaa jioni, polisi wana hadi Jumatatu. Kwa hiyo maombi ya dhamana ya kabla ya kukamatwa na ya kumtoa mtu kizuizini hujazana kati ya Ijumaa mchana na Jumatatu, na nyinyi mnabadilisha jaji katikati ya msongamano huo. Kabidhianeni Jumatano. Jaji aliyepokea maombi Jumamosi bado yupo Jumatatu na Jumanne kumsikiliza mjibu maombi.

Na mwandike kanuni moja isiyo na mjadala: jalada ni la jaji aliyekuwa zamu saa mfumo wa mahakama wa kupokea nyaraka kwa mtandao ulipolipokea, si saa lilipofunguliwa. Muda uandikwe kwa saa 24. Ukiandika "zamu inaanza saa 2", mmoja ataelewa asubuhi na mwingine, aliyezoea saa ya kizungu, ataelewa mchana. Andika 08:00.

Kila wiki iwe na majina mawili, jaji wa zamu na jaji wa akiba. Wa akiba wiki hii ndiye wa zamu wiki ijayo, hivyo anaingia akiwa anajua yaliyo mezani. Akiba si pambo. Jaji wa zamu anaweza kuwa aliwahi kumwakilisha mmoja wa wahusika alipokuwa wakili, ikabidi ajiondoe. Ndiyo maana majina ya wahusika asomewe kabla hajatumiwa hati za kiapo. Simu isipojibiwa ndani ya dakika 15 inapigwa tena. Dakika ya 30 anapigiwa wa akiba. Dakika ya 45 jaji msimamizi. Kila simu inaandikwa na saa yake.

Kubadilishana zamu kuruhusiwe kwa wiki nzima tu, kwa maandishi, si chini ya siku 7 kabla. Baada ya maombi kuingia, hakuna kubadilishana.

Wakili wa Pwani

Mpanga Ratiba, hesabu yako nzuri, ila umepita juu ya shimo. Soma tena swali: wa nne ni jaji wa Ardhi. Huyo hawezi kuwa kwenye mzunguko mmoja na hawa watatu.

Ibara ya 165(5) inaiondolea Mahakama Kuu mamlaka juu ya mambo ya mahakama zilizoundwa chini ya 162(2), yaani Ardhi na Mazingira pamoja na Ajira. Mahakama ya Juu ilimaliza ubishi mwaka 2017 katika kesi ya Karisa Chengo: mahakama hizi zina hadhi sawa, lakini jaji wa moja si jaji wa nyingine. Jaji wa Ardhi akiwa zamu na akatoa amri ya dhamana ya kabla ya kukamatwa, amri hiyo ni karatasi tupu. Vivyo hivyo jaji wa Mahakama Kuu akizuia kubomolewa kwa nyumba katika mgogoro wa umiliki wa kiwanja. Mjibu maombi mwenye wakili macho ataing'oa asubuhi moja, na mteja wako atakuwa amepoteza siku ambazo hazirudi.

Kwa hiyo majaji wa mzunguko wenu ni watatu. Jaji wa Ardhi aunganishwe na kituo jirani chenye jaji wa Ardhi, wapokezane wiki kwa video. Mamlaka ya mahakama hiyo yanaenea nchi nzima. Mkumbuke pia kwamba mahakimu waliotangazwa kwenye gazeti la serikali wanaweza kusikiliza migogoro ya ardhi ndani ya kiwango chao, na kwa hakimu mkuu kiwango ni shilingi milioni 20. Dharura nyingi za viwanja hazifiki huko, kwa hiyo masjala iulize thamani mapema.

Jambo la pili ni siku 14. Amri ya 40 kanuni ya 4 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai inasema zuio lililotolewa kwa kusikiliza upande mmoja halizidi siku 14, na lisipofikishwa kwa mjibu maombi ndani ya siku 3 pamoja na maombi yenyewe, linakufa lenyewe. Likizo ya Agosti inaanza tarehe 1 Agosti hadi 15 Septemba, siku 46. Jaji wa zamu anatoa zuio tarehe 20 Agosti, halafu karani anaweka kutajwa tarehe 16 Septemba "majaji wakirudi". Hizo ni siku 27. Tarehe 3 Septemba zuio limekwisha na hakuna aliyejua. Ratiba ya likizo lazima iwe na siku za kusikiliza pande zote mbili ndani ya likizo hiyohiyo, angalau siku mbili kwa wiki. Kuanzia 21 Desemba hadi 13 Januari kuna kishawishi kingine, kwa sababu Amri ya 50 inaziondoa siku hizo katika kuhesabu muda, ingawa si kwa maombi ya zuio la muda. Msimwachie mtu abishanie hilo: amri itaje tarehe na saa ya kuisha, si "siku 14".

Kuhusu kuvizia jaji: kuficha majina hakusaidii, orodha za likizo hutangazwa. Kinachosaidia ni hati ya kiapo kutamka kwamba maombi kama hayo hayajapelekwa kwa jaji mwingine, na masjala kutafuta majina ya wahusika wote kwenye mfumo kabla ya kumpigia jaji. Kukataliwa kwa maombi nako kuandikwe jaladani, pamoja na sababu, hata kama ni mstari mmoja. Maombi yaliyokataliwa kwa simu bila kuandikwa ndiyo hurudi Jumatano kwa jaji mpya yakiwa na kichwa kingine. Na jaji wa zamu asibaki na kesi: akishatoa amri ya muda, jalada linaingia kwenye mgao wa kawaida. Faida ya kuvizia inapungua hapo.

Karani wa Masjala

Shukrani. La jaji wa Ardhi limenishtua kidogo. Swali dogo: karani wa zamu anaruhusiwa kuamua kwamba jambo hili si la dharura?

Mtumishi wa Masjala Kuu

Hapana. Karani hapimi dharura, anakusanya taarifa. Kazi yake ni ukurasa mmoja wa kumsomea jaji: wahusika ni nani, mawakili ni nani, ni kitu gani kitatokea na saa ngapi, mwombaji alijua lini, anaomba nini, na upande wa pili umepigiwa simu au la. Swali la "alijua lini" ndilo linalochuja. Notisi ya kuuza mali iliyopokelewa wiki sita zilizopita haigeuki dharura kwa sababu mnada ni kesho, lakini wa kusema hivyo ni jaji.

Ada iangaliwe mapema pia. Kama malipo yanasubiri mtu ayakadirie, Jumapili maombi yatakwama hapo na jaji hataambiwa kitu. Maombi ya kulinda haki za msingi chini ya Ibara ya 22 hayatozwi ada ya kufungua, na mahakama inaweza kupokea hata barua ya kawaida. Kanuni za 2013 za kuendesha maombi hayo zinaruhusu hata maombi ya mdomo, mahakama ikayaandika. Karani wa zamu asiyelijua hili atamrudisha mama aliyekuja kumtafuta mwanawe kituoni kwa sababu hana hati ya kiapo.

Kuhusu watu: kila jina la jaji liandamane na naibu msajili, karani mmoja, na mtu wa mfumo anayepatikana kwa simu. Bila naibu msajili hakuna amri iliyotiwa saini na muhuri, na OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, hatamwachilia mtu kwa kuambiwa "jaji amesema". Lengeni amri itoke ndani ya saa mbili tangu itamkwe. Laini ya simu iwe ya kituo, ikabidhiwe Jumatano pamoja na daftari la zamu, na ishikwe na naibu msajili. Namba ya jaji isitoke kwa wakili hata mmoja, na wakili asimfuate jaji nyumbani.

Mdau wa Dodoma

Huku kwetu Tanzania Jaji Mfawidhi ndiye hupanga, na likizo ni ndefu, 15 Desemba hadi 31 Januari. Nyaraka iliyotumwa kwa mfumo kabla ya saa sita usiku inahesabiwa ya siku hiyo. Hapo pana mtego: wakili anatuma saa 5:50 usiku, anaamini amefika, kumbe hakuna aliyeamka. Waelezeni kwamba kutuma si kupiga simu. Hati ya dharura iende na simu.

Wakuu, kabla ya kuweka zamu ya usiku kucha, hesabuni kwanza. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, tarehe 12 Machi 2019, iliamua kwamba kwa upekuzi wa nyumba jaji apatikane kila siku kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3 usiku, mwaka mzima. Baada ya hapo ni lazima pale tu mahitaji yanapozidi yale ya nadra. Chukueni daftari la miezi sita, andikeni kila ombi liliingia saa ngapi. Kama baada ya saa 3 usiku mnapata mawili kwa mwezi, simu ya naibu msajili inatosha.

Mpanga Ratiba

Wakili wa Pwani, nimekubali, sikumtenga jaji wa Ardhi. Kwa watatu 52 inabakiza 1, kwa hiyo Krismasi itahama yenyewe, lakini wekeni mzunguko wa sikukuu hivyohivyo kwa ajili ya Pasaka na Idd. Uzito sasa ni mkubwa: kila jaji yuko zamu wiki moja katika tatu, na nyingine ni ya akiba. Katika wiki yake ya zamu mpunguzieni orodha ya kesi iwe nusu, na msimpangie kusikiliza mashahidi Ijumaa mchana.

Mmoja akienda likizo yake ya mwaka mnabaki wawili, na mkirudi kwenye wawili, 52 inagawanyika tena bila salio.