Tupeane uzoefu: kontroli zilizogoma kukaa ulipoziweka, ulihangaika vipi mpaka ukajua tatizo

Mzee wa Fomu
Wakuu habari za jioni. Wiki hii nimetolewa jasho na kitu kidogo mpaka nikaona aibu, nikasema ngoja nifungue uzi maana najua siko peke yangu. Naongelea zile kontroli (batani, paneli, gridi) unazipanga kwenye fomu, yaani dirisha la programu, hii Dock yake (upande inaoshikilia) Top, ile Fill (inajaza kilichobaki), kwenye dizaina, pale unapochora fomu kwa mausi, imetulia kabisa, ukiiendesha unakutana na kitu kingine.

Naanza na yangu. Kuna mzee mmoja ana duka la dawa, nilimwandikia programu ya stoo na mauzo kwa C# na WinForms (zana ya Microsoft ya kuunda madirisha). Katikati kuna paneli kubwa, ndani yake gridi ya dawa. Vile vichwa vya gridi vya kijivu sikuvipenda nikavizima, nikaweka paneli yangu nyembamba ya bluu yenye lebo za Jina, Idadi, Bei na Mwisho wa matumizi. Imekaa miezi bila kelele. Juzi nikafanya maboresho, gridi nikaitoa kwenye dizaina nikawa naiunda kwa kodi ili kila mtumiaji aone kolamu zinazomhusu tu. Nikampelekea, nikalipwa, nikalala.

Siku ya tatu simu. "Kijana, programu yako inakula dawa ya minyoo."

Nikacheka. Yeye hacheki. Muuzaji akiandika "alb" kwenye kutafuta inakuja tupu, na maboksi ya albendazole yapo kwenye shelfu anayaona kwa macho. Akiandika "para" hesabu ya chini inasema zimepatikana 5 ila kwenye orodha anahesabu 4. Na mzee alikuwa ameshaagiza albendazole nyingine, halafu ameshaanza kumwangalia muuzaji kwa jicho la pembeni.

Nikaingia kwenye databezi, dawa ipo. Nikaandika upya kwery, nikahamia kwenye kuchuja, nikamlaumu kila mtu mpaka toleo la dotneti, siku mbili hizo. Kilichonistua ni skrolba. Ilikuwa na mshale wa chini, wa juu haupo. Nikakaa naitazama kama dakika nzima hivi. Kumbe gridi imeanzia juu kabisa, nyuma ya paneli yangu ya bluu! Paneli urefu wake pikseli 24, mstari mmoja wa gridi pikseli 22, yaani mstari wa kwanza umefunikwa wote na wa pili umeguswa pikseli 2 ambazo hakuna mtu angeziona. Ingekuwa paneli ya pikseli 35 ningeona maandishi yamekatwa nikajua siku ileile.

Sababu yake sasa. WinForms ikigawa nafasi inaanza na kontroli iliyo nyuma kabisa inakuja mbele, aliye nyuma ndiye anachagua kwanza. Ukiangusha kontroli kwa mausi kwenye dizaina inawekwa mbele, kwa hiyo gridi ukiiangusha mwisho inagawiwa mwisho, inapata kilichobaki, safi. Lakini ukiiongeza kwa kodi kwa Controls.Add inaenda nyuma kabisa, kwa hiyo gridi yangu yenye Fill ikachagua kwanza, ikabeba eneo lote, paneli ya bluu ikaja kulala juu yake. Yaani mausi na kodi vinakwenda kinyume! Dawa ni mstari mmoja tu, gridi.BringToFront() baada ya kuiongeza.

Haya leteni za kwenu.

Binti wa Batani
😂😂 "inakula dawa ya minyoo" nimecheka mpaka wenzangu ofisini wamegeuka. Muuzaji aliombwa msamaha?

Mzee wa Fomu
Niliomba mimi. Mzee alisema "ah, yameisha" akaendelea kuhesabu hela zake.

Pascal Mkongwe
Vijana mna bahati hamkupitia Delphi 7, ile zana ya zamani ya kuunda programu kwa lugha ya Pascal. Shikamooni nyie wenyewe kwa wenyewe, mimi nawapa ya kwangu.

Nilikuwa naandika programu ya ada za shule. Fomu moja ilikuwa inaonyesha malipo ya mwanafunzi mwezi kwa mwezi, kila mwezi ni paneli ndogo, nazizalisha kwa lupu kutoka Januari mpaka Desemba ndani ya skrolboksi, kila moja Align yake (ndiyo Dock ya Delphi) alTop. Nikaiendesha, Desemba ipo juu, Januari chini kabisa. Nikasema sawa, basi nigeuze lupu ianze 12 kurudi 1. Ikakubali, nikajiona fundi. Baada ya wiki mhasibu akaomba aweze kuongeza mstari wa malipo ya ziada chini ya orodha, kila akibonyeza ule mstari unapaa juu ya Januari. Hapo ndipo nilipojua sikutibu kitu, nilikuwa nimeugeuza ugonjwa tu.

Delphi yenyewe haiangalii nani alikuja lini, inaangalia Top ya kila kontroli, yaani umbali wake kutoka juu. Paneli mpya inazaliwa na Top ya 0, na ile iliyopo juu nayo ina 0, wakilingana mgeni ndiye anayepita mbele. Kwa hiyo unachofanya, kwanza Parent (kontena inamokaa), halafu unaipa Top kubwa ya uongo tu, mfano 9999, na Align unaiweka MWISHO. Na kama unaziunda nyingi kwa mpigo ita DisableAlign (isitishe kupanga) mwanzoni na EnableAlign (ipange tena) mwishoni, na hiyo ya mwisho iweke kwenye finally, sehemu inayotekelezwa hata kosa likitokea, maana kodi ikikatikia njiani fomu inabaki imeganda hakuna kinachojipanga tena.

Kingine, Delphi ina foleni yake ya kudumu: wa alTop (juu) kwanza, wa alBottom (chini), wa alLeft (kushoto), wa alRight (kulia), halafu alClient (anayejaza kilichobaki). Ndiyo maana menyu yako ya kushoto haifiki juu kabisa hata ufanyeje, kichwa kilishachukua upana wote. Ukitaka ifike juu weka paneli ndani ya paneli, hakuna njia ya mkato.

dogo_wa_tkinter
Mkongwe shikamoo. Mimi yangu ilitokea mbele ya watu.

Projekti ya mwaka wa mwisho, Python na tkinter (maktaba yake ya madirisha, inatumia Tk), fomu ya kusajili wagonjwa. Laptopu yangu skrini kubwa, kila kitu kinaonekana, batani ya Hifadhi ipo chini imetulia. Siku ya kuwasilisha wakaniunganisha kwenye projekta ya kizamani ya 1024 kwa 768, nikajaza jina nikajaza umri nikajaza anwani nikashuka chini nihifadhi, batani hakuna. Haijakatwa, HAIPO. Mwalimu ananiangalia, mimi namwangalia. Nikasema nitumie Tab niifikie hivyohivyo kwa kubahatisha halafu nibonyeze spesi, wapi, Tk inairuka kontroli ambayo haionekani. Nikaishia kuonyesha picha za skrini nilizoweka kwenye ripoti.

Kumbe pack, amri ya tkinter ya kupanga kontroli, inagawa kwa foleni ya wito. Mimi nilianza na lile boksi kubwa la maelezo lenye expand na fill (linatanuka kujaza nafasi), batani nikaipack mwisho kabisa. Dirisha likiwa dogo wa mwisho kwenye foleni ndiye anayekosa, tena haambiwi subiri, anafutwa kwenye skrini. Siku hizi paneli ya batani naipack KWANZA na side="bottom", halafu ndio boksi kubwa lije lichukue kilichobaki. Skrolba hivyohivyo, ipack kabla ya boksi lake. Kwenye kodi inaonekana kichekesho kuandika cha chini kabla ya cha juu ila ndio inavyotaka.

Na msichanganye pack na grid (amri nyingine ya kupanga) ndani ya fremu moja, Tk za sasa zinakutupia kosa palepale.

Binti wa Batani
dogo pole sana, ulipata ngapi

dogo_wa_tkinter
B. Walisema ripoti imeandikwa vizuri 😅

Msee wa Ruiru
Yangu si ya kuonekana, ni ya kuruka. Nilitengenezea sacco moja fomu ya kuweka pesa, tella anaandika namba ya mwanachama, Tab, kiasi, Tab, maelezo, Tab, Hifadhi. Kwa dizaina nilikuwa nimeanza na boksi la kiasi chini ya maelezo, nikalihamisha juu yake ndio fomu ipendeze. Macho yanaona sawa lakini Tab bado inafuata namba za zamani, so tella akitoka kwa namba ya mwanachama anarukia maelezo. Wale watu hawaangalii skrini wakiandika, wanaangalia risiti. Kesho yake kila muamala wanaojaribu kuhifadhi, maelezo yamejaa 2000, 500, 1500 na kiasi ni sifuri. Bahati nzuri nilikuwa nimekataza sifuri kuhifadhiwa, la sivyo ningekuwa nauza mboga saa hii.

Mtu asidhani ukishapanga nani yuko mbele na nani nyuma umepanga na Tab. TabIndex (namba ya zamu ya Tab) ni mambo mengine kabisa, na inahesabiwa ndani ya kila kontena peke yake. Nenda View kisha Tab Order kwa Visual Studio, utaona namba juu ya kila kontroli, unabofya moja moja vile unataka zifuatane. Na ukitaka kuona nani yuko juu ya nani, pale View, Other Windows, kuna Document Outline, unavuta tu juu na chini, haina stress ya kubofya paneli iliyojificha nyuma ya ingine.

Mzee wa Fomu
Hiyo Document Outline ningeijua ile wiki ningelala mapema. Ila kwangu isingeonyesha kitu, gridi ilikuwa inaundwa kwa kodi.

Kaka Flexi
Nyie bado mko kwenye WinForms na Delphi? Njooni wavuti, flexbox (mpangilio wa CSS) unaandika order: 1, order: 2 umemaliza.

Msee wa Ruiru
Kaka hiyo order inapanga macho tu. Bonyeza Tab uone, kursa inafuata HTML ilivyoandikwa. Tella wangu angeandika 2000 kwenye maelezo palepale 😂

Kaka Flexi
...nimejaribu. Kweli.

Mama Qt
Mimi sina stori ndefu. Nilikesha na QMainWindow, dirisha kuu la Qt (maktaba nyingine ya madirisha), lisilokubali leiauti yangu, yaani mpangilio wa kontroli, kila kitu kimerundikana kona ya juu kushoto. Kwenye konsoli kulikuwa na onyo la "which already has a layout" tangu mwanzo, sikulisoma kwa sababu konsoli yangu ilikuwa imejaa print zangu mwenyewe. QMainWindow ina leiauti yake tayari, ya kwako unaiweka kwenye wijeti ya kawaida kisha unaita setCentralWidget. Someni maonyo jamani.

fundi_mpya
Wakuu samahani kuingilia, nina shida live hapahapa. VB.NET, nina MenuStrip na paneli ya logo, zote Dock Top. Menyu imekaa CHINI ya logo, mimi naitaka juu kabisa. Nimeivuta kwa mausi inarudi.

Mzee wa Fomu
Usiivute, mausi haina mamlaka hapo. Bofya kulia kwenye menyu, chagua Send to Back. Ikienda nyuma inachagua kwanza, inakamata ukingo wa juu.

fundi_mpya
Send to back ndio ije juu?? Ok ngoja

fundi_mpya
IMEPANDA. Asanteni sana aisee nilikuwa nahangaika tangu asubuhi

fundi_mpya
Wakuu bosi amepita nyuma yangu ameona, anasema alikuwa anapenda logo ikiwa juu ya menyu

Pascal Mkongwe
Bring to Front, kijana. Halafu kamwambie imechukua siku nzima.