Kuna jaji mkubwa mwenye sukari? Binti wetu wa Ujiji anataka kusoma sheria

ShangaziUjiji
Habari za leo wakuu, mwakeye wote mliopo Kigoma na mliotoka. Naomba niulize kitu na mnijibu kwa moyo maana nyumbani limekuwa jambo zito. Nalea binti wa marehemu kaka yangu hapa Ujiji, yupo kidato cha nne, ana kisukari kile cha kujichoma sindano kila siku, kilimwanza akiwa darasa la tano. Darasani yuko vizuri sana hasa historia, uraia na Kiingereza, na tangu shule ilipowapeleka kusikiliza kesi mahakamani hana wimbo mwingine, ni ujaji tu. Sasa juzi tumekaa kikao cha familia baba zake wadogo wakasema hapana, sheria ni kukesha na vitabu, ni kusimama mahakamani masaa bila kula, mtoto wa sukari ataanguka hukohuko, bora asome kitu chepesi abaki karibu na nyumbani. Mtoto hakujibu kitu, alinyanyuka akaenda kuosha vyombo na mpaka leo daftari la uraia sijaliona mezani. Kuna abiria mwenzangu kwenye basi la Kasulu aliwahi kuniambia Marekani kuna jaji mwanamke ana ugonjwa huohuo toka utotoni na yuko mahakama ya juu kabisa, jina hakulikumbuka. Ni kweli? Alifikaje? Kikao kijacho nataka niende na kitu mkononi.

Wakili_Isevya
Dada yangu ni kweli kabisa, anaitwa Sonia Sotomayor. Mimi ni wakili hapa Tabora na huyu mama nimemfuatilia miaka mingi kwahiyo nitaandika kirefu, univumilie.

Alizaliwa New York mwaka 1954, mtaa wa Bronx, wazazi wametoka kisiwa cha Puerto Rico. Nyumbani ni Kihispania tu, baba yake alikuwa fundi kiwandani aliyeishia darasa la tatu na Kiingereza hakukijua. Alipokaribia miaka minane akagundulika ana kisukari aina ya kwanza, hichohicho cha binti yetu. Enzi hizo hakuna sindano za kutupa, ilikuwa bomba la kioo unalichemsha kwanza. Asubuhi moja akawasikia wazazi wanagombana nani amchome, baba alikuwa mlevi mikono inatetemeka, mama ni nesi ana zamu zake, mtoto akaona bora ajichome mwenyewe. Alikuwa anavuta kiti anapanda juu yake ndio afikie jiko, anawasha, anasubiri maji yachemke bomba na sindano vitakate, halafu anajidunga ndio anaenda shule. Umri ambao wengine tunabembelezwa kunywa uji.

Miaka tisa baba akafariki, mama akabaki na watoto wawili kwa mshahara wa unesi. Huyo mama naye wa kumuongelea, aliwanunulia wanae seti nzima ya vitabu vya maarifa ya dunia pesa yenyewe ya mawazo, na baadae watoto wakiwa sekondari akarudi shule kujiendeleza. Mdogo wake Sonia ni daktari sasa hivi.

Sasa hiki ndio cha kupeleka kwenye kikao. Sonia ndoto yake ya kwanza ilikuwa upelelezi, kwa ajili ya vitabu vya watoto alivyokuwa anasoma. Akaja kusoma kijikaratasi cha wagonjwa wa sukari kinachotaja kazi ambazo hawaruhusiwi, upolisi umo, akaona basi upelelezi umekufa. Ndipo kwenye TV kulikuwa na tamthilia ya wakili anatetea watu, akaipenda kazi ile, akagundua pia kwamba mtu wa mwisho anayesubiriwa na kila mtu mle ndani ni jaji. Yaani sukari haikumtoa kwenye sheria, ndiyo iliyomsogeza.

Mwanga_Stesheni
Mkuu Wakili umeeleza vizuri lakini tuseme ukweli, Marekani ni Marekani. Bronx pamoja na umaskini wake hospitali iko jirani na insulini ipo. Sisi Kigoma mtoto akiishiwa dawa usiku anafanyaje? Sina nia ya kumvunja moyo shangazi, ila baba wadogo nao wana hofu ya kweli, wameshamzika kaka yao wanaogopa kumzika na mtoto.

Wakili_Isevya
Ndugu yangu hofu yao naiheshimu. Ila angalia, huyo Sonia mwenyewe alikua akiamini hataishi miaka mingi maana enzi zile ndivyo ilivyosemwa kwa watoto wa aina yake, na hiyo ndiyo ilimfanya asome kama mtu anayekimbizwa. Mwaka 2024 ametimiza miaka 70 na bado yuko kazini.

Na shule haikuwa mteremko. Aliingia chuo cha Princeton mwaka 1972, wasichana walikuwa wameanza kupokelewa pale mwaka 1969 tu, na Walatino, yaani watu wa asili ya Amerika ya Kilatini kama yeye, wa kuhesabu. Insha zake za mwanzo zilirudi na alama mbaya kwa sababu ya Kiingereza, sentensi zilikuwa zinafuata Kihispania. Akanunua vitabu vya sarufi akaanza upya likizo nzima. Mwaka 1976 akamaliza na daraja la juu kabisa na tuzo kubwa kuliko zote wanayopewa wanafunzi wa digrii ya kwanza pale. Watoto wetu waliosoma kwa Kiswahili mpaka la saba wanaelewa hicho kitu bila kuelezwa mara mbili.

Kutoka hapo sheria chuo cha Yale, kamaliza 1979, akawa mwendesha mashtaka Manhattan miaka mitano. Huko ni wizi, mauaji, kukesha na mafaili. Kuna kesi moja ya jambazi aliyekuwa anaingia kwenye maghorofa kwa kuruka kutoka jengo hadi jengo, magazeti yakambatiza Tarzan, Sonia alikuwa mmoja wa waliomtia hatiani. Hiyo ndiyo kazi wanayosema mtu wa sukari haiwezi. Baadae uwakili wa kujitegemea, 1991 Rais George H. W. Bush akampendekeza ujaji, 1992 akathibitishwa, akawa Mlatino wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho, yaani mahakama za serikali kuu ya Marekani, katika jimbo lote la New York. Mwaka 1995 akatoa amri ya kuwabana wamiliki wa timu za besiboli, ligi ilikuwa imekufa kwa mgomo toka Agosti 1994, na amri yake ndiyo iliyorudisha wachezaji uwanjani. Rais Bill Clinton akampandisha mahakama ya rufaa 1998. Kisha Obama, Mei 2009, akampendekeza Mahakama ya Juu, Seneti ikapiga kura 68 kwa 31, akaapa Agosti 8. Mlatino wa kwanza, mwanamke wa tatu toka mahakama hiyo iundwe.

Na kabla ya kumtaja, watu wa Obama waliuliza madaktari kuhusu sukari yake. Hawakufumba macho. Wakaridhika kwamba anaimudu.

Mwl_Kibondo
Jamani naomba nichangie, mimi nina kisukari hichohicho toka nikiwa sekondari na nafundisha mwaka wa kumi na kitu sasa. Nililopenda kwa huyo jaji ni kwamba miaka mingi aliificha, wenzake kazini walikuwa hawajui, mpaka siku moja kwenye sherehe sukari ikamshuka watu wakashangaa anajisokomezea keki mdomoni kama mtoto. Toka hapo akaanza kuwaambia watu. Na bado inamshuka, Januari 2018 watu wa huduma ya dharura walimfuata nyumbani, wakamhudumia, siku hiyohiyo akaenda kazini.

Mwanga_Stesheni ameuliza swali la maana sana kuhusu dawa na nalijibu kama mgonjwa. Nyumbani kwetu hakuna friji, insulini yangu nimeihifadhi miaka yote kwenye mtungi, chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga unaumwagia maji asubuhi na jioni, uweke kivulini penye upepo. Chupa nyingine iwe kwa jirani mwenye friji. Mfukoni glukosi au pipi hazikosekani hata nikiwa naenda kanisani. Shangazi, mtoto wako jirani zake wa dawati wanajua? Matroni anajua? Mwanafunzi anayeficha ndiye anayeanguka.

ShangaziUjiji
Nimesoma yote nimelia kidogo halafu nikacheka pale kwenye keki. Asanteni sana. Kusema ukweli wa dawati hawajui, yeye mwenyewe aliniomba nisimwambie mtu shule, matroni tu ndio anajua. Nimemsomea ile habari ya kiti na jiko, hakusema kitu ila aliniuliza "alikuwa na miaka mingapi?" halafu jioni nikaliona daftari mezani. Wakili, kwa huku kwetu njia ikoje? Achukue masomo gani kidato cha tano na ujaji unaupataje, maana hao baba zake watauliza miaka.

Wakili_Isevya
Kidato cha tano HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza) au HGL (historia, jiografia, Kiingereza) zote zinafaa, achague zile anazofaulu. Kisha digrii ya sheria miaka minne kwa vyuo vingi, halafu Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School) Dar, hapo ndio anakuwa wakili. Anaweza kuanzia uhakimu au uendesha mashtaka pia. Ujaji wa Mahakama Kuu unateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na Katiba inataka awe na sifa hizo za kisheria kwa miaka isiyopungua kumi. Kwahiyo waambie ni safari ndefu, asianze kuonewa huruma leo. Na wakisema ujaji si wa kike wakumbushe Julie Manning, alikuwa jaji wa Mahakama Kuu hapahapa Tanzania miaka ya sabini na mwaka 1975 Mwalimu Nyerere akamfanya Waziri wa Sheria. Huyo Sonia wakati huo yuko chuo bado.

Mwanga_Stesheni
Hapo nimekubali. Shangazi mimi niko Mwanga na friji inafanya kazi, umeme ukikatika tuna sola. Kama chupa ya pili haina pa kukaa nitumie ujumbe pembeni tupange.

Mwl_Kibondo
Safi sana mkuu. Na shangazi kabla ya mitihani nenda na barua ya daktari kwa mkuu wa shule, omba aruhusiwe kuingia na glukosi na maji chumba cha mtihani, waambie mapema wasimamizi wasije wakashtukia siku ya siku. Karatasi ya masaa matatu bila kitu mdomoni kwa sisi haifai.