Platinum na wikiendi ya siku mbili Osaka: nitegemee nini?

Mpanda Treni

Ndugu zangu, nawasalimu. Mwaka jana kazi ilinilaza hotelini mara nyingi kiasi kwamba nilifikisha zile siku 50 zinazotakiwa, nikapata daraja la Platinum la Marriott Bonvoy, ule mpango wa uanachama wa hoteli za Marriott. Ninaishi Tokyo, na mwezi ujao nataka kumpeleka mke wangu na binti yetu wa miaka tisa Osaka, tukiingia Ijumaa usiku na kurudi Jumapili. Ninasita kati ya Osaka Marriott Miyako, iliyo ndani ya jengo la Abeno Harukas pale Tennoji, na The Ritz-Carlton ya Umeda, ambayo kwa kweli ndiyo anayoitamani mke wangu. Je, kwa siku mbili tu, haki zipi za daraja hili zina faida ya kweli, na malipo niyafanye kwa pointi au kwa fedha?

Mama Wawili

Ndugu Mpanda Treni, hongera. Kuhusu Ritz-Carlton, punguza matumaini mapema: ni ya kundi hilohilo na pointi utakusanya kama kawaida, lakini Platinum haikufungulii launji yao, yaani ukumbi wa wageni maalumu wenye vitafunio na vinywaji, wala haikupi kifungua kinywa cha bure. Tofauti hiyo mtu haioni mpaka asome masharti ya kila chapa.

Ukienda Tennoji, launji ni haki yako pamoja na mgeni mmoja, na hapo ndipo mtoto anapobadilisha hesabu, kwa sababu hoteli za Japani huhesabu vichwa. Andika watu watatu tangu unapoweka nafasi, kisha uwaulize kwa maandishi kuhusu ada ya mtoto launjini, na kama anaruhusiwa kuingia jioni vileo vinapoanza kutolewa. Mimi, katika hoteli moja ya jiji jingine, niliwahi kuandika watu wawili nikidhani mtoto hahesabiwi. Mhudumu wa mapokezi aliinama kwa adabu, akatoa kikokotoo, akabonyeza, kisha akakigeuza upande wangu ili nisome mwenyewe kiasi cha nyongeza. Sijasahau mpaka leo.

Tenga pia fedha za kodi ya malazi ya Osaka: malipo yakifika yeni 20,000 kwa mtu kwa usiku, kodi ni yeni 500 kwa kila mmoja.

Mkalimani

Ninayaheshimu maelezo ya Mama Wawili, ila naona launji inasifiwa kupita kiasi, na Osaka ndiko hasa. Mtu aliyefika kwenye jiji la takoyaki (vidonge vya unga vyenye pweza) na okonomiyaki (chapati nene ya kabichi), kisha akashiba vitafunio vya ghorofani, amejidhulumu mwenyewe.

Haki ninayoithamini ni kubaki chumbani hadi saa kumi jioni. Kwa Platinum hiyo ni ahadi, isipokuwa katika hoteli za mapumziko na za mikutano, ambako hutegemea nafasi. Wenye Gold, daraja la chini ya Platinum, huishia saa nane mchana, tena nafasi ikiwepo. Maana yake ni kwamba Jumapili asubuhi mnaweza kuzunguka Ngome ya Osaka, mkarudi kuoga, mtoto akapata usingizi kidogo, na mabegi yakafungwa bila kukimbizana. Kutoka Tennoji, treni ya chini ya ardhi ya njia ya Midosuji inakwenda moja kwa moja hadi Shin-Osaka, na kutoka hapo Nozomi, treni ya mwendo kasi ya Shinkansen, huchukua takriban saa mbili na nusu kufika Tokyo. Ombi hilo litoe unapoingia, usingoje asubuhi ya kuondoka. Safari yangu ya mwisho mhudumu aliandika 16:00 kwa kalamu kwenye bahasha ndogo ya kadi ya mlango, na hakuna aliyenibishia hodi.

Kuhusu pointi, bei yake siku hizi hupanda na kushuka kama bei ya fedha, kwa hiyo usipime wikiendi nzima kwa pamoja. Chukua bei kamili ya fedha, pamoja na kodi ya matumizi ya asilimia 10 na ada ya huduma, uigawanye kwa pointi zinazotakiwa, na ufanye hivyo kwa Ijumaa peke yake na Jumamosi peke yake. Majibu yakitofautiana, weka nafasi mbili, kisha uwaombe waziunganishe ili msihamishwe chumba. Ile zawadi ya usiku wa tano bure kwa wanaolipa kwa pointi haikuhusu, kwa kuwa mnalala siku mbili tu. Na uweke nafasi kwa Marriott wenyewe, kwani ukipitia tovuti ya wakala kwa kawaida hupati pointi, na haki za daraja huwezi kuzidai.

Mpanda Treni

Nawashukuru sana nyote wawili. Nimeweka nafasi Tennoji kwa watu watatu, Ijumaa kwa fedha na Jumamosi kwa pointi, na kuhusu mtoto nimewaandikia, nasubiri jibu. Mke wangu ameridhia kwa sharti moja: Jumamosi alasiri tutakunywa chai Ritz-Carlton, na mlipaji ni mimi.