Mrejesho: ile hela iliyoingia akaunti ya mtu mwingine imerudi

Wakuu, niliwaeleza nimemlipa fundi kwa namba ya akaunti aliyonitumia kwa meseji, kumbe tarakimu mbili za mwisho zimegeuzwa, hela ikaenda kwa mtu nisiyemjua. Imerudi yote, asanteni sana mlioniambia nisisubiri kesho.

Nilipiga benki yangu muda uleule nikapewa namba ya malalamiko, halafu nikaenda tawini na kitambulisho na risiti, dada wa kaunta akaweka kidole kwenye namba ya muamala akasema hii ndo ya muhimu kuliko vyote. Benki yangu ikaiandikia ya yule mpokeaji, maana hawawezi kuchomoa tu hela kwenye akaunti ya mtu bila ridhaa yake, na jina wala simu yake hawakunipa, ni siri ya mteja, hapo niliumia ila nawaelewa. Kwa bahati hakuwa ameitoa, akakubali. Angegoma ingebidi niende polisi au mahakamani.

Na wale wanaosema hela ikishaingia imeliwa, jamani acheni kuwakatisha watu tamaa, wengine wanaacha kufuatilia haki yao kwa maneno hayo. Fundi nimeshamlipa.