Kuhubiri Ruthu sura kwa sura: watu wanaelewa lakini hawaguswi

Mwinjilisti, Umoja: Wapendwa, nahudumu katika kanisa la Kipresbiteri. Tunapitia Ruthu. Sura ya 2 niliieleza vizuri, lakini vijana wanauliza mbona sihubiri baraka kama hema la jirani. Nihubirije kwa mvuto bila kuliacha andiko?

Mzee wa Kanisa, Dagoretti: Usiache mpango huo hata kidogo. Zwingli, mwanamageuzi wa kanisa huko Uswisi, alianza kuhubiri Mathayo pale Zürich mwaka 1519 akafululiza. Calvin, mwanamageuzi mwenzake, alifukuzwa Geneva 1538; aliporudi 1541 alipanda mimbarini akaendelea na aya iliyofuata pale alipokomea. Ila Perkins, mhubiri Mpuritani wa Uingereza, alifundisha hatua za kuhubiri: soma, fafanua maana, toa mafundisho machache, kisha yaguse maisha ya wasikilizaji. Nadhani hiyo ya mwisho ndiyo unayoiruka.

Mama Mboga, Marikiti: Mzee amesema kweli. Mwinjilisti, Ruthu ni mjane, mgeni, anaokota masazo nyuma ya wavunaji. Hapo nitazame usoni uniambie Mungu aliamuru masazo yaachwe, Walawi 19, kwa ajili ya maskini na mgeni. Kisha nipeleke kwa Boazi, mwenye shamba aliyemkomboa na kumwoa Ruthu, na kwa Kristo aliyetoka uzao wake. Usinihimize tu niwe na bidii kama Ruthu. Bidii ninayo tangu saa kumi alfajiri. Nihubirie Mkombozi!

Mwinjilisti, Umoja: Asante sana mama. Mzee, Jumapili ni sura ya 3. Nibebe mafundisho mangapi?

Mzee wa Kanisa, Dagoretti: Mawili yatosha. Anza na aya ya 9, Ruthu anapomwomba Boazi amkomboe.